Naenda Beijing na Harbin Januari, kwenye theluji: nichukue mwongoza watalii wa kule au nitembee mwenyewe?

Mama Mapazia (Bombo)

Asalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote.

Mimi nauza mapazia Kikuubo, soko la jumla la Kampala, nyumbani ni Bombo. China naijua kwa upande wa Guangzhou na Yiwu: sokoni, ghalani, hotelini, uwanja wa ndege, basi. Ukuta Mkuu sijawahi kuuona hata kwa mbali. Watu wakiniuliza China ikoje, nawaeleza bei ya vitambaa. Safari hii nimeamua. Nikimaliza kununua Yiwu mwanzoni mwa Januari, kabla viwanda havijafungwa kwa mwaka mpya wao, nataka kupanda treni hadi Beijing, halafu Harbin kwenye yale majumba ya barafu. Nitakuwa na mtoto wa dada yangu aliyemaliza S6, darasa la mwisho la sekondari. Nilimwahidi akifaulu nitamtembeza, na amefaulu vizuri.

Nimeongea na waongoza watalii wawili kupitia WeChat. Mmoja anataka pesa kidogo mno, kwa hesabu zangu haifiki hata mafuta ya gari la kwenda Ukutani, na bado anasema chakula cha mchana ni juu yake. Wa pili anataka karibu mara saba ya hiyo, tena tiketi na chakula tujilipie. Nimchukue yupi? Au tutembee wenyewe, maana siku hizi simu inatafsiri kila kitu? Kiingereza changu ni cha sokoni, Kichina ni cha kuhesabu bei. Kama yupo mwongozaji anayejua Kiswahili nitafurahi sana.

Halafu baridi. Yiwu ya Januari nalala na koti. Kama kule kusini ni hivyo, Beijing tutalala vipi? Na sisi ni Waislamu, nyama tutapata?

La mwisho ndilo linalonisumbua: kijana ana selimundu. Anameza dawa zake, mwaka huu hajalazwa. Mama yake amekubali lakini naona hana raha.

---

Songhua_Arua

Wa aleikum salaam, mama. Mimi ni mtu wa Arua, nilisomea uhandisi Harbin, na likizo za baridi nilikuwa nikifuatana na mwongoza watalii wa palepale, mama wa makamo, kuwatafsiria wageni waliotoka Afrika. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda na nimeona wengi wakilichukulia juujuu.

Huyo wa bei ya chini mwache. Pesa yake anaipata kwenye kamisheni ya maduka. Sheria ya utalii ya China ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza kampuni kuwavuta watu kwa bei isiyo ya kweli kisha kujilipa kupitia maduka, lakini wapo wanaoendelea. Mtatoka hotelini asubuhi na mapema, mtapitishwa kwenye kiwanda cha jedi, mtaingizwa kwenye hariri, mtaketishwa kwenye chai, na Ukutani mtafika alasiri. Wakati wa joto hilo linaudhi tu. Januari ni hasara kubwa zaidi, kwa sababu mchana ni mfupi na zile saa chache zenye kajua zimeishia dukani. Huyo wa pili mwombe picha ya kitambulisho chake cha kazi, kila mwenye leseni anacho, na mwandikiane hapohapo WeChat kwamba hakuna kupita dukani.

Sasa niseme kwa nini mwongozaji, wakati simu ipo. Wengi hudhani anayelipwa ni msimulizi wa wafalme. Habari za wafalme unaweza kuzisoma ukiwa Bombo kitandani. Kwenye baridi ile unamlipa akupangie saa: lini mko nje, lini mnaingia ndani, mlango upi una ukumbi wenye joto, saa ngapi mnageuza. Yule mama wa Harbin alikuwa akitembea nasi mtaa wa Zhongyang, ule wenye majengo ya Kirusi, kwa mtindo wa kuingia na kutoka: duka la soseji, nje kidogo, duka la vitabu, nje kidogo. Mgeni alidhani tunazurura. Kumbe alikuwa anahesabu dakika. Na muda wote alikuwa anatutazama pua na mashavu, maana baridi ikianza kuua ngozi huanzia hapo na mwenyewe husikii maumivu, unasikia ganzi. Wageni weupe doa huonekana. Kwenye ngozi zetu halionekani wazi, kwa hiyo alikuwa anatuambia tuvue glavu kidogo, tuguse pua, tumwambie kama tunaihisi. Asiyeihisi aliingizwa ndani papo hapo, hata kama picha ilikuwa haijapigwa. Programu ya simu haikufanyii hivyo.

Tena hiyo simu yenyewe. Betri ikipigwa na baridi kali inazima ghafla hata ikiwa na chaji nusu. Na China ya leo simu ndiyo pochi, ndiyo tiketi, ndiyo mkalimani. Ikizima mko kwenye theluji bila pesa na bila mdomo. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili, itoe kwa kazi tu. Weka na yuan za noti kiasi. Kisheria hawaruhusiwi kuzikataa, ingawa utaona muuzaji akihangaika kutafuta chenji. Kama mna kamera, kabla ya kuingia ndani ifungeni kwenye kaveera, mfuko wa plastiki. Ukiingia nayo wazi kutoka kwenye baridi, inalowa maji yote.

Kuhusu kulala usiogope, utashangaa. China inapasha joto majengo ya kaskazini kwa mfumo wa pamoja, na mpaka wake tangu miaka ya 1950 ni milima ya Qinling na mto Huai. Yiwu iko kusini ya mpaka huo, ndiyo maana unalala na koti. Beijing mabomba ya joto huwashwa 15 Novemba hadi 15 Machi, Harbin mapema zaidi. Ndani ya hoteli utavaa fulana. Kwa hiyo usivae sweta moja nene kupita kiasi, vaa nguo nyembamba kadhaa zinazovulika, la sivyo utatoka jasho dukani, na jasho hilo litakugeuka ukitoka nje. Makoti tafuteni soko la Owino, Kampala, kwenye mivumba, yaani mitumba, marobota yanakuja na majaketi ya manyoya ya bata ambayo huku hayana mnunuzi. Viatu nunueni kulekule, vipana kidogo, soksi ya sufu ipate nafasi. Kuna vibandiko vya joto vya kuweka juu ya fulana, ni bei ndogo sana, ila visiguse ngozi, vinaunguza polepole.

Mji Uliokatazwa, lile kasri la wafalme wa zamani Beijing: tiketi ni kwa namba ya pasipoti, mtandaoni, zinafunguliwa siku 7 kabla. Kuanzia Novemba hadi Machi ni yuan 40, na lango la kuingilia linafungwa saa 9:30 alasiri ya huko, nikihesabu saa kwa Kiswahili. Kasri lilikamilika mwaka 1420, na kutoka lango la kusini hadi la kaskazini ni karibu kilomita moja ya uwanja wa mawe ulio wazi, upepo unapita bila kizuizi. Ukitokea kaskazini, vuka upande kilima cha Jingshan. Theluji ikiwa imeanguka, zile paa za manjano zote ziko chini yako, nyeupe na dhahabu. Mimi sijaona kitu kizuri kuliko hicho Asia yote niliyopita.

Ukutani, Badaling ina treni ya mwendo kasi kutoka mjini na stesheni yake iko mita 102 chini ya ardhi, mnatoka kwenye joto moja kwa moja hadi karibu na lango. Mutianyu ni kilomita 70 hivi kutoka mjini, ina watu wachache na misitu, lakini mnahitaji gari. Mwongozaji mzuri asubuhi atapiga simu kuuliza kama magari ya kamba yanafanya kazi, kwa sababu theluji ikizidi husimamishwa. Ngazi za Ukuta hazilingani, moja inafika kifundoni, inayofuata gotini, na zikiwa na barafu zinateleza vibaya. Mwambieni awaletee minyororo ya kufunga viatuni.

Harbin ni habari nyingine. Kutoka Beijing ni karibu saa 5 kwa treni ya kasi. Usiku wa Januari kushuka chini ya digrii 20 chini ya sifuri ni kawaida, na 30 inafika. Jua linazama saa 10 jioni. Yale majumba hujengwa kwa barafu inayokatwa mto Songhua kwa msumeno, sherehe imekuwa ikifanyika tangu 1985, ufunguzi rasmi ni 5 Januari. Mnaingia alasiri mkiona barafu kwa mwanga wa jua, giza likiingia taa zinawaka ndani ya barafu, kisha mnaondoka. Usiku mzima pale hapana.

Nyama ya halali ipo kote. Tafuteni ubao, mara nyingi wa kijani, wenye herufi hizi: 清真. Tambi za Lanzhou, zile zinazovutwa kwa mikono mbele yako, wenye maduka mara nyingi ni Waislamu. Beijing kuna msikiti wa Niujie ulioanzishwa mwaka 996, na mtaa unaouzunguka una kondoo wa kuchovya kwenye sufuria inayochemka mezani. Kwa baridi ile ndicho chakula chenyewe.

Kiswahili: Beijing wapo Wachina wanaokizungumza vizuri. Radio China Kimataifa inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961 na vyuo vyao vinakifundisha. Mwenye leseni ya kuongoza watalii kwa Kiswahili ni adimu, lakini uliza.

La kijana nawaachia wenye ujuzi wa dawa. Ila mimi mwenyewe nasita.

---

Muuguzi_Jinja

Mama, nakuandikia kama muuguzi na kama mtu mwenye mdogo wake mwenye selimundu. Baridi ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kabisa kuamsha maumivu ya ugonjwa huu, na upepo wa baridi hasa. Mishipa inajibana na zile chembe za damu zilizopinda kama mundu zinakwama. Ukosefu wa maji mwilini unazidisha, na kwenye baridi kavu mtu hasikii kiu. Kutolazwa mwaka huu ni kwa sababu anaishi Bombo, kwenye joto, na anatunzwa.

Mpeleke kliniki yake kabla hujakata tiketi. Kama anahudhuria hospitali ya Mulago, daktari anayemjua ndiye aseme ndiyo au hapana kwa Beijing. Kwa Harbin sidhani yupo daktari atakayekubali. Dawa zake abebe mkononi ndani ya ndege, pamoja na barua ya daktari, na mwongozaji aijue hali yake tangu siku ya kwanza, sio siku atakapoanza kulia mifupa.

---

Mlima_Kasese

Mimi ni mwongozaji pia, wa Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109 na theluji yetu naijua, kwa hiyo nimesoma hapa kwa makini.

Huyo wa bei kubwa, mpime kwa maswali anayokuuliza yeye. Sisi mgeni akifika Nyakalengija, pale safari ya mlimani inapoanzia, kabla hajapiga hatua tunamwuliza ugonjwa, tunakagua viatu, na tunamwambia saa ya kugeuza hata kama kilele kinaonekana. Mwongozaji ambaye hajakuuliza umri, afya wala viatu, anajua njia tu. Na tafadhali msiende na gambuti. Kwetu tunazivaa kwa sababu ya matope ya bondeni. Kule kwenye baridi kavu mpira unakakamaa na jasho la mguu linabaki ndani likigeuka barafu.

---

Mama Mapazia (Bombo)

Nimesoma yote, nimemsomea na dada yangu kwa simu. Muuguzi, Mungu akubariki. Jumatano tulikwenda naye kliniki. Daktari amekataa Harbin bila kusita. Beijing amekubali kwa masharti: akae nje kidogo kidogo, anywe maji, na tukiona dalili twende hospitali bila kungoja. Kijana alinuna njia nzima hadi Bombo, nikamwachia nafasi yake. Harbin nimeifuta na kwangu pia, siwezi kwenda kutazama barafu nimemwacha hotelini.

Nimemwandikia yule mwongozaji wa pili, nikamweleza hali ya mtoto. Swali lake la kwanza lilikuwa dawa gani anatumia na zinahifadhiwa vipi kwenye baridi. Nimemlipa arubuni.

Songhua, niambie kweli: Beijing peke yake, theluji ataiona?

---

Songhua_Arua

Umeamua vizuri, mama, na huyo mwongozaji mshike.

Theluji sikuahidi. Beijing baridi yake ni kavu, mchana huzunguka digrii sifuri na usiku hushuka kati ya 5 na 10 chini yake, lakini theluji yenyewe huanguka mara chache tu kwa msimu, na Januari inaweza kupita nyeupe isionekane. Barafu ataiona hakika. Ziwa la Kunming kwenye Kasri la Majira ya Joto huganda na watu huteleza juu yake. Kijana atazame akiwa ukingoni kwa muda mfupi, na viazi vitamu vya kuchoma mkononi, vinauzwa barabarani moto kabisa, vitamkumbusha nyumbani.

Cha kufanya: mwambie mwongozaji siku zenu za Beijing asizifunge kwa mpangilio mmoja. Utabiri ukitaja theluji, tiketi za Mji Uliokatazwa huisha haraka sana, kwa sababu wenyeji nao wanaikimbilia. Kwa hiyo kateni mapema zile siku 7 kabla, Ukuta ndio muusogeze mbele au nyuma kulingana na upepo. Jumatatu msiiweke kwa kasri, huwa limefungwa.