Mtaimbo umezama shimoni, na hapo hapo tunataka kusimamisha tanki la lita 50,000. Naomba ushauri

Katibu wa Kamati:
Salaam wanajamvi. Mimi ni katibu wa kamati ya maji, mtaa wa pembezoni mwa Jiji la Tanga, upande wa Kiomoni, si mbali na Mapango ya Amboni. Kisima kirefu tunacho, pampu ipo, tunachokosa ni tanki la juu. Mwaka 2016 mkandarasi mmoja alituanzishia mnara wa zege: nguzo nne na mikanda miwili. Akalipwa awamu ya pili, hatukumuona tena. Nguzo ziko vile vile hadi leo, nondo zimechomoza juu zina kutu, mbuzi wanazijikunia.

Sasa kapatikana mfadhili wa tanki. Sharti lake ni ripoti mbili, ya ardhi na ya uimara wa nguzo. Tukaitisha bei: kuchoronga mashimo mawili ya mita 15 na kupima nguzo kunakula karibu theluthi ya pesa yote tuliyochanga. Wazee wamekuja juu. Mmoja kaniuliza kikaoni, "Jiwe hili babu zetu wamejengea, wewe wataka kulipiga sindano?"

Ningekubaliana nao, ila mwezi uliopita vijana walikuwa wanachimba shimo la choo cha msikiti, hatua kama 40 kutoka kwenye nguzo. Walipofika mita mbili na kitu, kijana akashusha mtaimbo, ukamponyoka ukazama wote. Tukausikia unagonga huku na huku ukishuka, kisha kimya. Hatujauona mpaka leo.

Tuchoronge au tununue saruji? Na nguzo za zamani tuzitumie au tubomoe?

Fundi Chumbageni:
Katibu mnataka kuliwa hela. Miaka 25 najenga Tanga hii, ukikuta jiwe umekuta msingi. Hizo nguzo zigonge na nyundo. Ikilia kali iko hai, ikilia bubu imekufa. Kazi ya asubuhi moja.

Mpita Njia Pongwe:
Huo mtaimbo sasa hivi uko Mombasa, si wanasema mapango yanatokea huko 😂

Mchorongaji:
Fundi, kwa nyumba ya kawaida sikupingi. Hapa ni mnara. Lita 50,000 ni tani 50 za maji matupu. Gawa kwa nguzo nne, kila moja inabeba tani 12 na nusu kabla hujahesabu zege lenyewe wala upepo wa bahari unaosukuma kule juu. Nguzo moja ikititia kidogo tu, mnara unalala.

Jiwe la Amboni ni chokaa. Maji ya mvua yana tindikali kidogo, yanalila polepole kwa miaka mingi mno, na ndiyo yaliyotengeneza hayo mapango watalii wanayolipia kuyaona. Pango halijui mpaka wa hifadhi. Juu unakuta jiwe gumu linakataa sururu, mita tatu chini kuna uwazi, au uwazi uliojaa udongo mwekundu laini. Mtaimbo wenu umeshawapa ripoti ya kwanza bure.

Kosa ninaloliona kwenye bei yenu ni mashimo mawili kwa nguzo nne. Kwenye udongo wa mchanga ningenyamaza. Kwenye chokaa, shimo moja linaweza kupita hatua mbili pembeni ya pango na lisilione. Afadhali mashimo manne mafupi, moja kila nguzo, yaingie mita tano ndani ya mwamba mzima, kuliko mawili marefu. Na mwambieni kabisa: akikuta uwazi, asisimame mpaka auvuke.

Kile kipimo cha kupiga nyundo ya kilo 63.5 ikidondoka sentimita 76, unahesabu mapigo, ni cha udongo wa juu tu. Ikigota kwenye jiwe, hamia kuchoronga kwa kutoa mwamba kama vigogo vizima, uvipange kwenye sanduku. Siku ya kazi katibu uwe pale, usikae ofisini. Tazama mambo mawili. La kwanza, maji wanayochorongea: yakiwa yanarudi juu vizuri halafu ghafla yakapotea, kuna ufa au pango. La pili, fimbo ya kuchorongea: ikidondoka yenyewe bila kusaga, andika kina chake hapo hapo. Kuna waendesha mitambo wanaorukia hilo kwenye ripoti ili wasiulizwe maswali.

Binti Zege:
Shikamoo Fundi. Sikio lako silidharau, mlio bubu kweli unaonyesha ganda la zege limeachana na nondo. Ila hauwezi kukuambia zege lina nguvu kiasi gani.

Katibu, nipo kwenye kazi za upimaji bila kubomoa, kwa hiyo nakuambia na ubaya wake. Watakuja na nyundo ya Schmidt, ile ya springi inayogonga ukuta ikarudi na kusoma namba. Ni kifaa kizuri, lakini kinasoma ngozi ya zege tu. Zege la miaka mingi linakula hewa ukaa, ngozi inakuwa ngumu kuliko ndani, na namba inapanda. Nimewahi kuona nguzo imesoma vizuri, tukaitoboa, ndani kokoto zimejaa mapengo kama andazi lililoumuka vibaya. Ripoti ya nyundo peke yake usiilipie.

Dai na kipimo cha mawimbi ya sauti: kichwa kimoja upande huu wa nguzo, kingine upande wa pili. Wimbi likipita kwa zaidi ya kilomita 3.5 kwa sekunde, zege limeshikana. Likiwa chini ya 3, lina mashaka. Kisha watafute nondo kwa kifaa cha sumaku, wajue ziko ngapi na zimefunikwa kiasi gani, ndipo watoboe vipande vichache vikavunjwe maabara. Wasitoboe kabla ya kujua nondo ziko wapi, watazikata.

Kwenye tundu jipya puliza fenofthalini, dawa ya maji inayobadilika rangi. Zege zima linageuka waridi, lililoingiwa na hewa ukaa linabaki rangi yake. Rangi ya waridi ikianzia nyuma ya nondo, nondo haina kinga tena. Halafu uliza, mchanga ulitoka wapi? Kama mkandarasi yule alizoa ufukweni, chumvi iko ndani inaozesha nondo, na hakuna rangi ya kupaka ya kuizuia.

Fundi Chumbageni:
Marahaba binti yangu. Mchanga wa pwani wa bure niliukataa tangu zamani, hapo sina ubishi. Ila bei zenu punguzeni.

Pima Maji:
Mbona hamjaulizia kisima? Aliyekichimba alitakiwa kuandika tabaka kila mita na kukabidhi ripoti, nakala iende Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Na kabla ya kuchimba kuna mtu alipita na nyaya kupima ardhi kwa umeme. Kipimo hicho hicho kinaonyesha mapango: uwazi mkavu unapinga umeme sana, uliojaa tope unaupitisha. Mwite apite tena chini ya mnara, ni nafuu kuliko mtambo, kisha mchoronge pale anapotilia shaka.

Na bomba la maji ya kufurika lipelekeni mbali. Tanki likivuja miguuni mwa mnara, maji yanaosha udongo yanaushusha kwenye nyufa, na pango ambalo halikuwapo mwaka huu mtalikuta baadaye.

Katibu wa Kamati:
Nimerudi wakuu. Ripoti ya kisima ilikuwa kwa mweka hazina muda wote, kafungia nayo risiti. Kisima kiko hatua 60 kutoka kwenye nguzo. Mita ya 7 hadi ya 9 wameandika kwa kalamu: "tupu, maji yamepotea."

Nimeisoma kikaoni jana. Yule mzee wa sindano kaniomba aione mwenyewe, akavaa miwani, akairudia mara mbili. Tumekubaliana mpimaji wa umeme aje kwanza, na pesa ya saruji isiguswe. Mchorongaji, nikutumie ujumbe wapi?