Mwongozo wa LibreOffice kwa Kiswahili: tuandike sasa au tusubiri?

Kijana_Uyole: Wakuu poleni na baridi. Tuko wanne hapa Mbeya tunaandaa mwongozo wa LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia na mahesabu, kama Word na Excel) kwa Kiswahili, tunataka uwe tayari toleo la mwezi wa nane likitoka (si mnajua wanatoa Februari na Agosti). Sasa menyu bado zinabadilika, unapiga skrinshoti leo wiki ijayo imechacha. Tuandike sasa turekebishe mbele ya safari au tusubiri maneno ya menyu yafungwe kabisa? Mi nasema tuanze, tushafika sura ya kuhifadhi faili kwenye kabrasha.

MtuWaKihesa: Kabrasha????? 😂😂 Mtaani nani anasema kabrasha kaka, ni folda. Ila watu wa Mbeya mnapenda Kiswahili cha kamusi halafu mnakisema na lafudhi ile

Mwanjelwa_Fundi: Lafudhi imeingiaje hapo? Nyie Iringa mnaanza kamwene mnamaliza kamwene, katikati baridi tupu

DadaMafiati: Hata neno kishikwambi (tablet) lilichekwa hivihivi. Ikaja sensa ya 2022 makarani wakavitumia, baadae walimu wakagawiwa, leo shangazi yangu Tukuyu anasema kishikwambi bila hata kucheka

MtuWaKihesa: Kishikwambi kililetwa na serikali pamoja na chaja yake dada. Kabrasha lenu linaletwa na nani?

Mzee_wa_Steshenari: Vijana mnabishana kama hamna aliyewatangulia. Kulikuwa na Jambo OpenOffice, programu kama hiyo yenye menyu za Kiswahili, ya Chuo Kikuu cha Dar, 2006 kama sikosei, nikaiweka kwenye mashine zangu zote

DadaMafiati: 2004 mzee

Mzee_wa_Steshenari: Haya 2004, ndo uliloliona hilo tu? Nasema menyu zilikuwa Kiswahili safi lakini wateja wakawa wananiomba nirudishe Kiingereza, maana walifundishwa kwa Kiingereza na daftari walizonakili ni za Kiingereza. Kilichokosekana ni mwongozo, sio menyu!!

Kijana_Uyole: Asante mzee, ndo maana tunaandika. Na hilo la kabrasha au folda sio la kupiga kura hapa, mwongozo lazima ufuate neno lililopo kwenye menyu, ukiandika folda na kwenye skrini pameandikwa kingine mwanafunzi anapotea. Anayetaka libadilike akabadilishe kwenye tafsiri ya programu yenyewe, pako wazi kwa yeyote

MtuWaKihesa: Kwa hiyo mi ndo napoteza wanafunzi? Sawa

Mwanjelwa_Fundi: We umewahi kutafsiri mistari mingapi?

MtuWaKihesa: Bando la kutafsiria unaninunulia wewe?

DadaMafiati: 😂 jamani

Mzee_wa_Steshenari: Mkimaliza nileteeni nitawachapia bure kopi za kwanza, karatasi njooni nazo

Kijana_Uyole: Shukrani mzee wangu. Sasa skrinshoti, tunapiga au tunasubiri?

Mwanjelwa_Fundi: Subiri kwanza huyu wa Kihesa aombe radhi ya lafudhi