Tupeane uzoefu: maumivu ya mgongo yanayoandamana na wasiwasi

Mwanzisha mada, Morogoro

Ndugu zangu, naanzisha mada hii kwa ajili ya wale ambao wamepimwa mkojo, wakapimwa figo, wakapigwa picha ya eksirei, wakaambiwa kila kitu kiko sawa, na bado mgongo unauma. Nawalenga hasa waliogundua kwamba maumivu huongezeka ada za shule zinapokaribia, mkataba wa kazi unapoelekea kwisha au mgonjwa wa nyumbani anapozidiwa, kisha hupungua bila dawa mambo yanapotulia. Mimi ni mmoja wao: kwangu huanzia chini ya mbavu na kushuka hadi kiunoni kabla ya kikao chochote ambacho najua nitaulizwa hesabu. Naomba kila mmoja aeleze kilichomsaidia yeye mwenyewe, si alichosikia kinasaidia. Naomba pia tusiambiane kwamba maumivu haya ni ya kufikirika, kwa maana misuli iliyokazwa na hofu inauma kama misuli mingine yoyote.

Karani, Dodoma

Kwa muda mrefu niliamini kwamba mgongo wangu umeharibiwa na kiti cha ofisini. Kiti kilibadilishwa, maumivu yakabaki. Nilipofuatilia niliona kwamba yalishika kasi tangu nilipochukua mkopo wa aina ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu, wenye marejesho ya kila siku na riba ambayo nikiitaja hapa mtanicheka. Kila simu ilipoita mabega yalipanda na pumzi ikawa ya juu juu, na ilipofika jioni mgongo ulikuwa umekaza kiasi kwamba nilishindwa kugeuka kutazama gari linalokuja nyuma. Nikajitibu figo, kwa sababu kwetu anayeumwa kiuno huambiwa ni figo kabla hajamaliza kueleza. Nikanywa maji mengi na dawa za mitishamba, na vipimo vilipofanyika figo zilikuwa nzima.

Muuguzi mmoja wa makamo ndiye aliyeniuliza: “Mwanangu, usiku ukiamka unawaza nini?” Nilimweleza habari ya deni, ambalo hata mume wangu hakuwa analijua. Alinishauri nimshirikishe mtu mmoja wa nyumbani, nikamwambia kaka yangu, tukaenda pamoja kwa wakopeshaji na kupanga marejesho ya mwezi. Mgongo haukupona siku ile, ila usingizi ulirudi, na usingizi uliporudi maumivu ya asubuhi yakaanza kupungua. Baadaye nilianza kushuka kwenye daladala mapema na kumalizia safari kwa miguu, na hadi leo naendelea. Sitaki mtu adhani kwamba kutembea kulilipa deni. Matembezi hayo yananifikisha nyumbani nikiwa nimelegea, badala ya kufika nimekakamaa na kuanza kugombana na watoto.

Mwendesha bodaboda, Kisumu

Mimi niliona mwenzangu akigongwa, na tangu siku hiyo nikawa nashika usukani kwa nguvu mno, mikono na mgongo vikiwa vimekaza safari nzima. Kilichonisaidia ni kushuka kwenye pikipiki kila ninapofika steji, kujinyoosha na kulegeza mabega, na pia kuzungumza na wenzangu juu ya ajali ile, kwa sababu nilikuta nao walikuwa wakiiota usiku.

Mama wa Mombasa

Asalaam aleikum. Yangu yalianza baada ya kufiwa na mama yangu. Siku moja nilipoinama kurukuu mgongo ulishtuka, na tangu hapo nikawa naiogopa rukuu yenyewe, nikaanza kusali nikiwa nimekaa kwenye kiti, ruhusa ambayo mgonjwa anayo katika dini yetu. Kadiri nilivyozidi kukaa ndivyo nilivyozidi kuogopa kuinama, hata kitu kikianguka sakafuni nikawa namwita mjukuu aniokotee. Mtaalamu wa mazoezi alinifundisha kuinama kidogo kidogo nikiwa nimeshika meza, nikitoa pumzi taratibu wakati wa kushuka, bila kungoja maumivu yaishe kabisa ndipo nijaribu. Katika sala ya alfajiri nilikuwa nasimama rakaa ya kwanza na kukaa ya pili, kisha nikaongeza kadiri nilivyoweza. Sasa nasali nimesimama na kusujudu juu ya msala. Jirani yangu husema ni mafuta yake ya kunichua ndiyo yaliyoniponya, nami simbishii, maana mikono yake ilinipa usingizi katika siku za msiba.

Mkulima, Singida

Naomba kuwa mkali kidogo. Mdogo wangu aliambiwa ana mawazo, apumzike, na sisi nyumbani tukaafiki kwa sababu ni kweli alikuwa na matatizo ya ndoa. Kumbe ilikuwa TB ya uti wa mgongo. Alikuwa na homa za jioni, jasho la usiku, uzito unapungua, na maumivu hayakumwachia hata akiwa amelala. Alitibiwa na akapona, japokuwa dawa zilichukua muda mrefu kuliko za TB ya mapafu, na pingili moja ilikuwa imekwisha kuliwa. Mtu mwenye wasiwasi naye huugua magonjwa mengine kama watu wote.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Arusha

Ndugu wa Singida amesema jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Nenda hospitali haraka endapo maumivu yanafuatana na homa, kupungua uzito bila sababu, miguu kukosa nguvu, ganzi katika sehemu za siri na mapaja ya ndani, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo na choo. Vivyo hivyo kama uliwahi kuugua saratani, au maumivu yameanza baada ya kuanguka. Hayo yakishaondolewa, wengi wanaobaki ni wale ambao hakuna ugonjwa mmoja unaoonekana; Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hao ni takriban asilimia 90 ya wanaoumwa kiuno.

Hofu hufanya kazi mwilini kwa njia inayoeleweka. Ubongo ukihisi hatari, homoni ya adrenalini huongezeka, moyo hupiga kasi, na misuli ya shingo, mabega na kiuno hukaza ikijiandaa kwa mapambano au kukimbia. Hatari ya simbamarara hupita, lakini deni halipiti jioni ileile, hivyo misuli hukosa muda wa kulegea. Pumzi nazo huhamia kifuani. Hali hiyo ikidumu, mfumo wa fahamu huzidi kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, kiasi kwamba mguso au mjongeo ambao zamani haukuumiza sasa unaumiza. Hapo ndipo mgonjwa huanza kuogopa kuinama, kama alivyosimulia mama wa Mombasa. Asipoinama misuli hudhoofika, na ikidhoofika huuma upesi zaidi.

Niongeze habari ya picha, kwa sababu naona zikizidisha hofu ya watu wengi. Uchunguzi uliojumlisha tafiti nyingi, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba diski, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, huonekana zimechakaa kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20 wasio na maumivu yoyote, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa hiyo jibu la picha ya MRI linalosema diski imechakaa halina maana kwamba mgongo wako unavunjika.

Kwa wagonjwa wangu naanza na pumzi za tumbo, kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, kisha kukaza na kuachia kundi moja la misuli baada ya jingine kuanzia nyayoni hadi usoni, njia iliyobuniwa na daktari Mmarekani Edmund Jacobson mwanzoni mwa karne ya 20. Hatua inayofuata, na ndiyo ngumu, ni kurudia taratibu mijongeo ileile wanayoiogopa.

Mfanyakazi wa dukani, Maskati

Nashukuru kwa maelezo hayo. Nina mkanda wa kiuno ambao nauvaa tangu asubuhi hadi tunapofunga duka, na nikiuvua nahisi kama mgongo utaanguka. Je, niendelee nao? Na sindano za diklofenaki ninazochomwa kila maumivu yanapozidi, zina madhara?

Mtaalamu wa fiziotherapia, Arusha

Kaka, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno haupendekezi mikanda kama tiba ya kawaida. Unapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba ya mazungumzo inayosaidia kubadili fikra na mazoea, na pia kuchuliwa, kwa hiyo jirani wa Mombasa asinyimwe sifa zake. Usiuvue mkanda kwa siku moja. Anza kuuvua wakati kuna wateja wachache, ukitembeatembea humo dukani, kisha ongeza muda. Hisia ya kuanguka ni hofu pamoja na misuli iliyozoea kusaidiwa.

Muuguzi, Tabora

Nijibu la diklofenaki. Ni dawa halali na ina kazi yake, lakini kuitumia mara kwa mara bila usimamizi kunaweza kuleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au mtu mzima sana. Unaweza basi kupata ule ugonjwa wa figo aliouhofia karani wa Dodoma, kwa sababu ya dawa ya maumivu ambayo hayakutoka kwenye figo. Mwambie daktari ni mara ngapi unachomwa, na mweleze vilevile habari ya usingizi na mawazo yako, kwa sababu asipoambiwa ataandika sindano nyingine. Kwa walio hapa nyumbani, unaweza kumwomba daktari wa hospitali ya mkoa akuandikie rufaa mbili kwa pamoja, moja ya fiziotherapia na nyingine ya kliniki ya afya ya akili. Wengi huchukua ile ya kwanza na kuificha ya pili ndani ya mkoba.