Baraza na mtendaji mkuu wa chama cha wanataaluma, nani bosi wa nani?

MjumbeMpya
Wakuu salama? Naombeni msaada wa mawazo. Nimechaguliwa kuingia baraza la chama chetu cha taaluma, miaka yote nilikuwa mwanachama wa kulipa ada na kuhudhuria semina basi. Sasa kikao cha kwanza tu nimeomba kuona ripoti kamili ya ukaguzi wa ndani, mtendaji mkuu akasema hiyo inaishia kamati ya fedha, sisi tunapewa muhtasari. Mwenyekiti kimya. Halafu kuna pendekezo la kubadili katiba ili baraza libaki la kushauri tu na mamlaka yote yahamie kwa bodi ndogo ambayo wajumbe wengi watateuliwa. Mi sitafuti ugomvi ila watu wamenipigia kura. Hii ni kawaida au tunanyang'anywa chama mchana kweupe?

KitiChaNyuma
Hongera kwa kuchaguliwa mkuu. Bodi ndogo yenyewe sio tatizo, baraza la watu arobaini haliwezi kukaa kila wiki kujadili mikataba na mishahara, lazima kuwe na chombo kidogo cha kusimamia sekretarieti. We uliza mawili tu, nani anaiteua hiyo bodi na nani ana uwezo wa kuitoa. Kama majina yanatoka kwa mtendaji mkuu basi anajichagulia wasimamizi wake.

DaftariLaHesabu
Mdogo wangu usiache hilo la ripoti, ndo kubwa kuliko yote. Nimewahi kuwa mweka hazina wa chama kama hicho najua linavyokwenda. Soma yaliyowakuta RICS, chama cha wapima ardhi na wathamini cha Uingereza, kipo tangu 1868 kwahiyo usifikiri ni vyama vichanga tu ndo vinayumba. Mwaka 2018 ukaguzi wa ndani uliofanywa na kampuni ya ukaguzi ya BDO ulisema usimamizi wa fedha zao ni dhaifu mno, wakapewa daraja la chini kabisa. Ripoti haikufika kwa wajumbe wote wa bodi ya usimamizi, na wanne ambao sio waajiriwa wa chama walipohoji mbona hawakuiona, 2019 wakaondolewa! Baadae ikafanyika tathmini huru ya wakili Alison Levitt, ikatoka Septemba 2021, ikaonyesha wale wanne walikuwa na haki ya kuuliza na waliondolewa isivyo halali, na kwamba mipaka ya nani anafanya nini ilikuwa haieleweki, kwahiyo watendaji wakawa na nguvu kupita wanaotakiwa kuwasimamia. Mtendaji mkuu akaondoka, rais wa chama akaondoka, na wenyeviti wa baraza na wa bodi nao wakaondoka. Sasa ona, yote yalianzia kwenye ripoti moja kuzuiwa isifike kwa waliostahili kuiona. Sisemi kwenu kuna wizi, hata kule ripoti ilizungumzia hatari tu, ila mjumbe anayepewa muhtasari hasimamii kitu.

MjumbeMpya
Dada DaftariLaHesabu asante sana aisee. Nimeifungua katiba yetu, inasema mkaguzi wa nje anateuliwa na mkutano mkuu wa mwaka, lakini mkaguzi wa ndani hajatajwa popote.

DaftariLaHesabu
Basi pengo ndo hilo. Asipotajwa anaishia kuripoti kwa menejimenti anayoikagua. Pelekeni azimio kwamba ataripoti kwa kamati ya ukaguzi, mwenyekiti wake asiwe mwajiriwa wala mweka hazina, na nakala kamili ifike kwa kila mjumbe wa baraza.

Kanuni_na_Akidi
Naongezea kidogo. Angalia pia kama chama chenu ndicho kinachotetea wanachama na hapohapo ndicho kinachowaadhibu kimaadili. Hizo kazi mbili zinagongana, England na Wales Chama cha Wanasheria kilizitenganisha 2007, usimamizi wa nidhamu wakaupa chombo chake chenyewe, SRA. Kama hamuwezi kutenganisha kabisa basi angalau wajumbe wa baraza wasikae kwenye kamati ya nidhamu, na muwe na watu wa nje ya taaluma humo ndani.

Kuhusu kubadili katiba, vyama vingi vinataka theluthi mbili ya kura zilizopigwa, sio nusu. Ila watu wanakomaa na hiyo theluthi mbili wanasahau akidi na kura za uwakilishi. Fomu ya uwakilishi ikiwa imeshajazwa jina la mwenyekiti kama mwakilishi, mwanachama ambaye hana muda wa kuja anasaini tu anairudisha, mwenyekiti anaingia mkutanoni na rundo la kura mfukoni kabla hata hamjaanza kujadili. Iombe hiyo fomu sasa hivi kabla haijatumwa, na uangalie katiba inataka saini ngapi za wanachama ili hoja yenu iingie kwenye ajenda na mwisho wa kuipeleka ni lini, maana siku hizo zikipita hata muwe na hoja nzuri vipi haitasomwa.

MjumbeMpya
Nimeangalia, ni saini hamsini na siku ishirini na moja kabla ya mkutano. Muda upo, naanza kuwapigia watu leo.