Sherrod Brown atatoboa Ohio safari hii?

Mwana wa Cleveland
Wakuu, uchaguzi wa tarehe 5 Novemba 2024 huo unakuja na mimi hili jambo linaninyima usingizi. Seneta wetu Sherrod Brown yuko kitini tangu Januari 2007. Ohio ya leo si ile iliyompa Obama kura 2008 na 2012. Trump aliibeba 2016, akaibeba tena 2020 kwa pointi 8, na sioni dalili kwamba mwaka huu ataiachia. Mpinzani ni Bernie Moreno, mfanyabiashara wa magari aliyezaliwa Bogotá, Colombia, na Trump kashampa baraka zote. Kwa hiyo Brown akitaka kurudi Washington lazima wapatikane watu wengi sana wa kumpigia Trump juu ya karatasi, halafu washuke chini wampigie Mdemokrat. Mimi naamini wapo. Ninyi mnaonaje?

Mzee wa Lori
Hatoboi. 2018 alishinda kwa pointi kumi kwa sababu Trump hakuwa kwenye karatasi. Mwaka huu yupo. Maliza mjadala.

Sauti ya Akron
Si kumi mzee, ni karibu 7, na aliyeshindwa ni Jim Renacci. Tena hoja ya Trump kuwa kwenye karatasi ndiyo inayonipa wasiwasi kidogo. Kinachonitisha zaidi ni hela. Watu wa sarafu za kripto wamemwaga dola milioni 40 hivi kumng'oa Brown, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya benki ya Seneti na amewabana. Angalieni yale matangazo yao: hutasikia kripto hata mara moja. Ni Moreno na ajira, Moreno na familia. Juzi kwenye chumba cha mapumziko kazini tumekaa na vyakula vyetu, matangazo matatu ya useneta yakafuatana kabla kipindi hakijarudi. Jamaa mmoja akainuka akazima televisheni.

Binti Kigoma
Jamani tuambizane ukweli. Wengi humu Brown mnamjua kwa sababu ya mtihani wa uraia tu. "Mtaje seneta mmoja wa jimbo lako." Mmekariri jina, mkapasi, leo mmekuwa wachambuzi wa siasa za Marekani. Ukimuuliza mtu amepitisha sheria gani, kimya.

Mama Baraka
Wewe binti umenigusa mimi, kwa hiyo nitakujibu mimi. Nina miaka 58. Ndiyo, nilikariri. Nilikariri maswali yote 100 huku natandika vitanda vya hoteli, karatasi nimeibandika kwenye toroli la mashuka, chini ya taulo ili msimamizi asiione. Afisa akaniuliza hilohilo la seneta, nikamjibu Sherrod Brown, akaweka alama. Katika kumi ulitakiwa upate sita, mimi sikukosa hata moja. Sasa kukariri ni aibu? Nenda kawaulize waliozaliwa hapa hayo maswali uone. Mimi nimelisomea jina la seneta wangu kuliko wao, na kura yangu nitaipiga kwa heshima.

Binti Kigoma
Shikamoo mama. Sijakulenga wewe, lakini hoja yangu iko palepale. Kulijua jina ni kitu kimoja, kuijua kazi ya mtu ni kingine.

Mama Baraka
Marahaba. Kama hukunilenga mimi, ulimlenga nani? Humu ndani nani hakuupitia mtihani huo?

Mkongo wa Dayton
Mimi sijaupitia bado, na nina la kusema. Springfield ni jirani zetu hapa, nusu saa tu kwa gari. Mwezi wa Tisa, baada ya ule mdahalo ambao Trump alisema Wahaiti wanakula mbwa na paka za watu, shule za kule zilitishiwa mabomu zaidi ya mara moja. Watoto wakarudishwa nyumbani. Wale Wahaiti wengi wana hifadhi ya muda tu, kura hawana, lakini ndio waliogeuzwa kampeni. Gavana DeWine, ambaye ni Mrepublikan, alisimama waziwazi akasema habari hizo hazina ushahidi, akapeleka polisi wa jimbo kulinda shule. DeWine huyohuyo ndiye Brown alimnyang'anya kiti 2006! Sauti ya Brown mimi sikuisikia ikipanda kama ya DeWine. Alihesabu kura kwanza. Hilo linaniuma, kwa sababu huyu ndiye tunayeambiwa ni wa kwetu.

Mzee wa Lori
Kwa hiyo sisi tunaompigia Trump ni wabaguzi? Semeni wazi. Mimi nimeendesha lori katika majimbo karibu yote ya nchi hii, nalipa kodi, nasali kila Jumapili, na msimamo wa Brown kuhusu utoaji mimba kanisa langu haliwezi kuumeza. Bei ya dizeli ya miaka hii siihitaji kufundishwa na mtu, naijua kwenye mfuko wangu. Na wewe Mkongo wa Dayton, kwa heshima, una grini kadi. Kura huna. Mwenye kura anapoongea, asiye na kura asikilize.

Sauti ya Akron
Mzee, niruhusu. Wewe ulisema humu humu mwaka jana kwamba ulikuwa Teamsters, chama cha wafanyakazi cha madereva wa malori. Mfuko wao wa pensheni, Central States, ulikuwa unakwenda kufilisika. Sheria ya Butch Lewis ndiyo iliyouokoa, imepewa jina la dereva wa lori wa hapa hapa Ohio, na Brown aliisukuma miaka mingi hadi ikaingizwa kwenye ule mpango wa kuokoa uchumi wa Machi 2021. Kwenye kura ile hakuna Mrepublikan hata mmoja aliyesema ndiyo. Mwisho wa 2022 mfuko ukapewa karibu dola bilioni 36. Na NAFTA, ule mkataba wa biashara na Kanada na Meksiko, aliipinga tangu 1993 akiwa Bunge la chini, wakati Rais Clinton, Mdemokrat mwenzake, anaishangilia. Hayo tuyapime na bei ya dizeli.

Mzee wa Lori
Mimi nimeuliza kama ni mbaguzi na hakuna aliyenijibu.

Mama Baraka
Hakuna aliyekuita mbaguzi, baba. Lakini kwa kuwa umeleta utoaji mimba, nami nina la kusema. Ohio ilipiga kura Novemba 2023, asilimia 57 hivi wakasema haki hiyo iingie kwenye katiba ya jimbo. Mwezi uliopita Moreno akashangaa mbele ya watu eti wanawake waliopita miaka 50 linawahusu nini. Mimi nina mabinti watatu. Hata asiye na binti ana mpwa, ana mkwe. Nikipita umri wa kuzaa akili yangu inakoma? Nilikuwa bado napima, siku ile nikaacha kupima.

Mwana wa Cleveland
Tumetoka nje ya mada. Swali lilikuwa kama wapo wa kutosha wa kuchanganya Trump na Brown. Upande wa Youngstown na Lordstown, ambako kiwanda cha magari cha GM kilifungwa Machi 2019, watu wanasemaje?

Mkongo wa Dayton
Subiri kwanza mkuu. Mzee wa Lori, nimekuheshimu kwa umri, lakini hilo la kunyamazishwa silikubali. Nalipa kodi ileile unayolipa wewe, nafanya zamu ya usiku ghalani, wanangu wanasoma shule za Ohio. Fomu ya uraia nimeijaza, dola 710 kwa njia ya mtandao, ukituma kwa karatasi ni 760, na mahojiano nimepangiwa baada ya uchaguzi. Kujiandikisha kulifungwa tarehe 7 Oktoba. Kwa hiyo seneta atakayenitungia sheria miaka sita nitakaa naye bila kuulizwa. Halafu nikae kimya pia?

Mzee wa Lori
Nilingoja miaka tisa mimi. Hakuna aliyenipigia magoti.

Binti Kigoma
Mzee, nawe umeshaumizwa na kungoja, kwa nini unamuumiza mwenzio? Hapo ndipo sisi waswahili wa ughaibuni tunapochosha.

Sauti ya Akron
Wenye kura, kuna jambo la haraka. Kitambulisho chenye picha ni lazima kituoni. Kama leseni yako ilitoka kabla hujaapa na imeandikwa kwamba wewe si raia, haikubaliki kama kitambulisho. Nenda ukaibadilishe, au beba pasipoti ya Marekani. Walioko Columbus, kura ya mapema ni Morse Road. Jumapili ya mwisho, tarehe 3 Novemba, ni saa 7 mchana hadi saa 11 jioni, ibada zimeshakwisha.

Mama Baraka
Asante mwanangu. Nina nafasi tatu kwenye gari siku hiyo. Sitamuuliza mtu anampigia nani.

Binti Kigoma
Dada yangu ana mahojiano ya uraia mwezi wa Desemba. Akiulizwa seneta, ataje nani? Kama Moreno ameshinda?

Sauti ya Akron
Ataje Brown au JD Vance, seneta wetu wa pili. Seneti mpya inaapishwa tarehe 3 Januari. Akisema Moreno mwezi wa Desemba amekosea, hata kama Moreno ameshinda kwa mbali.

Mzee wa Lori
Na Vance akiwa amechaguliwa makamu wa rais?

Sauti ya Akron
Bado ni seneta mpaka atakapojiuzulu. Mwambie dada akariri yote mawili, na asubuhi ya mahojiano aangalie habari.