Gemu nimeilipia mwenyewe: nikitumia ya kukraki, mimi ni mwizi?

Mleta mada, Uyole

Wakuu, hili swali ninalo tangu Pasaka na naomba mnijibu bila kunipaka mafuta. Gemu nimeilipia kwa hela yangu halali. Nikienda kuchukua nakala iliyokrakiwa ya gemu hiyohiyo, yaani iliyovunjwa lile kufuli la kukagua kama umelipa, nimeiba?

Kisa chenyewe ni hiki. Nilinunua gemu ya mbio za magari mtandaoni, ilikuwa kwenye punguzo. Kadi niliitengeneza kwenye simu, ikakataa mara mbili, ya tatu ikapita. Mzigo wenyewe GB 58. Nilikesha siku nne na bando la usiku, maana la mchana lingenifilisi. Pasaka nikabeba laptopu hadi kwa mjomba, Isongole. Wanaopajua wanajua: viazi, ukungu, na mtandao wa kuufuata juu ya kichuguu. Nafungua gemu, naambiwa leseni haijathibitishwa, unganisha intaneti. Kando yangu mtoto wa mjomba, kidato cha pili, anacheza gemu hiyohiyo, aliyowekewa kwenye flashi pale Mwanjelwa kwa elfu tatu. Akanionea huruma. "Kaka, njoo tupokezane."

Yaani mimi niliyelipa ndiye niliyekaa kusubiri zamu.

Msimamo wangu: nikishalipa, hilo kufuli halinihusu tena. Nikilivunja nimevunja changu. Karibuni mnipinge.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Kamwene. Pole kaka, ila usidhani wamekuonea wewe wa Isongole peke yako. Mwaka 2010 Ubisoft walitoa Assassin's Creed II ya kompyuta, ikitaka intaneti muda wote hata kama unacheza peke yako. Mwaka 2013 SimCity mpya ilitoka na masharti hayohayo, seva zikaelemewa siku za mwanzo, na watu wa Marekani na Ulaya wenye intaneti ya kutosha wakabaki wanatazama foleni. Mwaka mmoja baadaye EA, wenye gemu hiyo, wakaruhusu ichezwe bila mtandao. Kwa hiyo iliwezekana.

Sisi huku tuna yetu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba nchi nzima. Siku zile mwenye gemu halali inayotegemea seva ya mbali na mwenye flashi ya Mwanjelwa, nani alicheza?

Naunga mkono hoja. Asilimia mia.

Mtengeneza programu, Forest

Mnashangilia mapema. Mimi nimeandika programu ya kutunza hesabu za duka, nimeiuzia maduka manne ya Kabwe. Miezi sita baadaye naingia duka la tano kununua betri, naikuta inafanya kazi kwenye kaunta, na jina langu bado limo kwenye kona ya chini! Mwenye duka akanikaribisha vizuri kabisa, akaniuliza kama naweza kumrekebishia ripoti ya mwezi. Bure, bila shaka.

Tangu hapo nimeweka kufuli. Sijaliweka kwa ubaya, nina kodi ya nyumba.

Na wenye magemu hesabu yao ni hiyohiyo ila kubwa zaidi. Denuvo, ile kinga ya Waaustria iliyoanza kuonekana kwenye FIFA 15 mwaka 2014, hainunuliwi kwa matumaini kwamba haitavunjwa milele. Inanunuliwa ili ishikilie wiki za mwanzo, ambapo mauzo ndiyo makubwa. Baada ya hapo kampuni nyingine huiondoa zenyewe.

Halafu mleta mada, si ungefungua gemu mara moja hapo Uyole kabla ya kupanda gari?

Mwenye kibanda cha gemu, Mwanjelwa

Flashi ya elfu tatu haikutoka kwangu, niweke wazi kabla sijatafutwa 😂. Mimi nina PS mbili. Moja imevunjwa kufuli, moja halali. Iliyovunjwa haijawahi kunisumbua. Ya halali ikiamua kujisasisha Jumamosi jioni vijana wamejaa, nawarudishia mia tano zao.

Mdau wa Iyunga

Nasoma sheria, kwa hiyo nitaharibu sherehe. Mleta mada anasema "nimevunja changu". Changu kipi? Ulichonunua si gemu, ni ruhusa ya kuitumia, na masharti uliyakubali ulipobonyeza kile kitufe ambacho hakuna anayekisoma. California wametunga sheria, imeanza kutumika Januari 2025, kwamba duka la kidijitali lisikuandikie "nunua" bila kukueleza wazi kwamba unapata leseni tu. Kwao ilibidi sheria iseme, ndiyo ujue watu wangapi walidhani wamenunua.

Na kuvunja kufuli lenyewe, Marekani ni kosa tangu sheria yao ya 1998, hata kama kilichomo ndani umekilipia, ukiacha misamaha michache. Unaweza kusema sheria hiyo ni mbaya. Mimi mwenyewe nasema hivyo. Ila usiseme kufuli halikuhusu.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Mwanasheria umenikumbusha The Crew. Gemu ya mwaka 2014, watu walilipa. Ubisoft wakazima seva mwisho wa Machi 2024, na hata wa kucheza peke yake hakubakiwa na kitu. Ndipo Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, ya kutaka gemu zilizolipiwa zisizimwe hivyo, na Ulaya wakapata saini zaidi ya milioni moja. Kama ni ruhusa tu, basi bei nayo iwe ya kupangisha. Nyumba ya kupanga hulipi bei ya kiwanja.

Mleta mada, Uyole

Kaka wa Forest, niliifungua Uyole Alhamisi usiku. Ikathibitisha vizuri. Jumamosi ikataka tena. Microsoft walitangaza mwaka 2013 kwamba Xbox One itajihakiki kila saa 24, wanunuzi wakapiga kelele, wakaufuta mpango huo kabla hata haijaingia sokoni. Kwa nini ya kwangu ikubalike?

Lakini la duka la tano limenigusa, sikatai. Naomba nilipunguze dai langu. Yule dogo wa kidato cha pili hajalipa, siwezi kumtetea, ingawa nilicheza yake siku tatu nzima na nikamshinda. Wewe kufuli lako likague mara moja, likishanijua liniache. Hapo sitaligusa. Likinigeuza mtuhumiwa kila baada ya siku mbili, nitatafuta fundi, na mwanasheria wa Iyunga ataniwekea dhamana.

Mdau wa Iyunga

Bado sijamaliza chuo.

Mtengeneza programu, Forest

Langu linakagua mara moja tu, siku ya kuwekwa. Na mwenye mashine ikiharibika ananipigia simu, nipo. Hiyo ndiyo tofauti, nakubali: mimi napatikana.

Kwa gemu za peke yako jaribu GOG. Ni ya Wapolandi, ipo tangu 2008, wanauza bila kufuli. Unashusha kifurushi chote, unakihifadhi, unakiweka hata huko Isongole. The Witcher 3 ipo. Gemu ya mpira ya mwaka huu usiitegemee.

Mleta mada, Uyole

Ndaga sana. Sasa anayeuza eksitano (diski ya nje ya kuhifadhia) ya TB 1 hapa Mbeya mjini aniambie bei, iliyotumika pia naichukua.