Kuchemsha prosesa mpya kabla ya kuipandisha kasi: kuna faida?

Wakuu, Ryzen 5 5600X nimeiweka 4.7 GHz kori zote (viini vya prosesa), volti 1.25. Windows inawaka, gemu zinacheza, ila Prime95 (programu ya kuipima prosesa kwa mzigo mzito, jaribio la Small FFTs) inaangusha kori moja kabla ya dakika 20. Joto nyuzi 82. Nashauriwa niichemshe, yaani niiendeshe kwa mzigo mzito mfululizo, siku mbili kwa volti 1.45 "ilainike", halafu itashika kasi hiyo kwa volti ndogo. Ni kweli?

Jibu 1
Usithubutu. Transista hailainiki, inachakaa. Volti kubwa ikikutana na joto, kizingiti cha kuiwasha kinapanda, kwa hiyo kasi ileile itadai volti zaidi, si pungufu. Pentium 4 za Northwood zilizosukumwa kupita 1.7 zilikuwa zinakufa ghafla. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti ya juu ilichakaza saketi za saa kwenye Core za kizazi cha 13 na 14, ikatoa maikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 inayozuia prosesa kuomba zaidi ya 1.55. Zilizokwisha kuchakaa hazikupona.

Jibu 2
Imani hiyo nahisi imetokana na pesti, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza. Arctic Silver 5, kwa maelezo ya mtengenezaji, huchukua hadi saa 200 kutulia, na joto hushuka nyuzi 2 hadi 5. Mashine ikitulia, sifa anapewa prosesa! Kiwandani huchemsha chipu kweli, lakini ni kuzikamata mbovu zife mapema.

Jibu 3
Turudi kwenye tatizo. Small FFTs hukaa ndani ya keshi (kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya prosesa), RAM haiguswi sana, kwa hiyo mshukiwa ni kori yenyewe. Fungua HWiNFO (programu ya kusoma vihisi) usome SVI2 TFN, yaani volti halisi inayofika kwenye kori, wakati wa mzigo. Ukikuta 1.20 ilhali BIOS imeandikwa 1.25, volti inazama. Panda ngazi moja ya LLC (mpangilio wa BIOS unaopunguza kuzama kwa volti), ile ya juu kabisa iache. Bado inaanguka? Ongeza 0.0125 kwa hatua, mwisho 1.3. Hapo ikigoma, shuka 4.6, maana kori dhaifu ndiyo inayoamua kwa zote.

Muulizaji
Kweli, inasoma 1.206. Kwa hiyo kila kori kuipa mpangilio wake haiwezekani?

Jibu 3
Inawezekana, ila si kwa kasi isiyobadilika. Washa PBO (prosesa ijipandishe kasi yenyewe), Curve Optimizer (inayoshusha volti ya kila kori kivyake) anza na -10 kwa zote, hiyo dhaifu iache 0, kisha programu ya CoreCycler ipime moja moja usiku kucha. Angalia pia WHEA 18 (kosa la maunzi) kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows: mashine ikijizima bila mzigo wowote, umeshusha volti mno.